Herufi Kubwa za Terminali ya Tano

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Niliipokea kwa shukrani, ingawa mpaka leo sijaielewa busara ya kumpa saa mtu ambaye kuanzia kesho yake hakuna atakayemuuliza kwa nini amechelewa. Nimeitundika sebuleni hapa Kirushya, na mke wangu anaitumia kunikumbusha muda wa kulisha mbuzi. Mliniomba pia niwaandikie machache kuhusu kazi, hasa "enzi zile za zamani". Sikujua kwamba ni za zamani mpaka kijana mmoja wenu alipoikuta ile terminali niliyoihifadhi stoo akaniuliza kama ni oveni.

Vyeo nitaviruka, maana havijazi mstari. Mshahara mnaujua, ni huohuo mnaoulalamikia. Na miaka ya mwisho tulikuwa wote, kwa hiyo uvivu wangu mmeuona wenyewe. Nitaeleza mwanzo tu.

Kabla ya mwaka tisini na nne nilikuwa natengeneza redio Ngara mjini, barazani kwa mjomba. Wakimbizi wa Rwanda walipovuka daraja la mpakani la Rusumo, Benaco, ambako sisi tulikuwa tukipita tu kwenda mahali pengine, pakageuka mji kabla hatujamaliza kushangaa. Shirika moja lililokuwa likiandikisha watu kambini likatafuta mtu wa nyaya. Nikaenda, chuma changu cha kulehemu nimekifunga kwenye gazeti.

Aliyenihoji ni Mama Leokadia. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, jambo ambalo hakumruhusu mtu yeyote kulisahau. Alikuwa amefanya kazi ya simu za upepo na mitambo ya simu kwa miaka mingi, kisha akajifunza kompyuta ukubwani, kutoka kwenye vitabu, akiwa amevaa miwani miwili kwa wakati mmoja. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho.

"Kompyuta unazijua?"

"Nimeziona, mama."

"Wapi?"

"Kwenye gazeti."

"Afadhali. Waliozigusa ndio wanaonisumbua. Kaa."

Basi nikawa nimeajiriwa.

Ninyi mliokua na kompyuta mfukoni, nieleze kidogo. Terminali haikuwa kompyuta. Ilikuwa kioo na kibodi, haina akili hata ya kujumlisha moja na moja. Akili yote ilikuwa kwenye mashine moja kubwa iliyokaa ndani ya kontena, na kila terminali ilivutiwa waya wake kutoka huko. Tulikuwa na terminali nane kwenye banda refu la turubai, karani mmoja kwa kila kioo, na nje foleni ambayo mwisho wake sikuwahi kuuona. Kazi yangu ilikuwa kuiarifu mashine kwamba terminali hizo zipo. Kulikuwa na faili moja liitwalo inittab, na humo kila terminali ilikuwa na mstari wake: inakaa waya gani, inazungumza kwa kasi gani, na programu gani itampokea mtu. Programu hiyo iliitwa getty. Yenyewe huandika "login:" kwenye kioo, kisha hungoja mtu ajitaje.

Ya kwanza niliyoiunga ilikaa kimya kama mkwe. Nikaipiga kofi, maana redio ndivyo nilivyozitibu. Mama Leokadia akaifungua plagi, akaangalia pini ya pili na ya tatu, ya kutuma na ya kupokea.

"Umeunga mdomo kwa mdomo," akasema. "Hata wachumba hawaongei hivyo. Wa huku uende kwenye sikio la kule."

Nikavuka nyaya. Safari hii terminali iliongea, ila iliongea kama kuku aliyekanyaga wino akatembea juu ya karatasi. Kumbe mashine ilikuwa inatuma kwa kasi moja na kioo kinasikiliza kwa kasi nyingine. Nilipolinganisha kasi zao, neno "login" likatokea zima, safi, la kijani. Nikaruka. Mama Leokadia akaniambia zimebaki saba, nisimalize furaha yote kwenye ya kwanza.

Mwezi ule nilijifunza kwamba ukikosea herufi moja kwenye inittab, mashine itajaribu kumfufua getty wako, atakufa, itamfufua tena, atakufa, halafu itakusemea kwa wakubwa kwamba terminali yako inazaliwa upya haraka mno. Nilijifunza pia kwamba kioo kilichoganda mara nyingi hakijafa. Karani ameegemeza kiwiko kwenye vibonye viwili vinavyoamuru "nyamaza". Nilikuwa nafika, nabonyeza vile viwili vingine vya kuamuru "endelea", kioo kinafufuka, na karani ananitazama kama mganga. Nilikuwa naiacha imani hiyo ikae.

Na sifa ndizo zilizoniponza.

Editha aliletwa wakati Mama Leokadia amesafiri kwenda Biharamulo kufuata vifaa. Alikuwa binti wa wakulima wa Nyamigogo, amemaliza kidato cha nne, mwandiko wake mzuri kuliko wetu wote. Akapewa terminali ya tano, na mimi nikajipa kazi ya kumfundisha. Nikachukua chaki, nikamwandikia ubaoni jina lake la kuingilia kwa herufi kubwa, EDITHA, kwa sababu mwalimu wangu wa shule ya msingi aliwahi kusema herufi zangu ndogo zinafanana na siafu waliokanyagwa. Editha akaandika vilevile alivyoona. Mashine ikamkubali. Nikampongeza, nikajipongeza, nikaondoka.

Siku ya tatu akaniita.

"Kaka Sospeta, hii terminari inapiga kerere."

"Ni terminali, siyo terminari," nikamrekebisha, mimi Mhangaza ambaye nikiwa na usingizi nasema nakwenda kurara. "Kelele gani?"

"Inaandika yote makubwa. Na majina wanayoandika wenzangu yakija kwangu yana kijiti mbele."

Nikainama. Kweli, kila kitu kwenye kioo chake kilikuwa kwa herufi kubwa, na mbele ya majina kadhaa kulikuwa na kimstari kilicholalia nyuma, kama mti uliosukumwa na upepo. Sikujua ni nini. Ila fundi kusema "sijui" mbele ya karani anayemtazama kama mganga ni jambo gumu.

"Achana nacho," nikasema. "Kijiti hakili."

Alinieleza tena wiki iliyofuata, na mara nyingine baada ya hapo. Nikamjibu hivyohivyo, nikiongeza kicheko.

Katika siku hizo kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa anafika karibu kila asubuhi kwenye meza ya Editha. Jina lake Nyirabarera. Alikuwa mwembamba, mrefu, anazungumza Kinyarwanda cha taratibu ambacho sisi wa Ngara tunakisikia vizuri. Editha ndiye aliyemwandikisha alipofika. Alikuwa amempoteza mjukuu wake, Vestina, mtoto wa miaka kama sita, kwenye msukumano wa watu siku ya kuvuka. Kila alipofika, Editha aliandika jina la mtoto, akangoja, kisha akatikisa kichwa.

"Hayupo, bibi."

"Haya. Nitarudi kesho. Labda kesho mashine itakuwa imemwona."

Nilikuwa nampita pale na koleo langu mkononi. Nilimwonea huruma, huruma ya mtu anayeamini kwamba jambo lile halimhusu.

Kisha ikafika siku ya lori. Watoto ambao hawakuwa na ndugu walikuwa wanahamishiwa kituo kingine, mbali, njia ya Biharamulo. Asubuhi kama saa nne, Gaudensia, dada aliyekuwa anasimamia kituo chao pale kambini, aliingia bandani na orodha yake, akaketi kwenye terminali ya pili.

"Wanaondoka saa sita," akamwambia karani. "Nitazamie kwa mara ya mwisho. Asiwepo mtoto anayepelekwa mbali na bibi yake yupo hapa anapika."

Wakaenda jina kwa jina. Gaudensia anasoma, karani anaandika, mashine inajibu. Wakafika katikati ya orodha.

"Vestina. Anasema bibi yake anaitwa Nyirabarera."

Karani akaandika. "Nyirabarera hayupo."

Editha alikuwa meza tatu mbele. Akasimama na kalamu yake.

"Hayupo vipi? Nyirabarera nimemwandika mimi, kwa mikono hii! Jana asubuhi alikuwa hapa!"

Nikaitwa. Nikaja na koleo, kana kwamba kuna kitu cha kubana. Editha akaliandika jina kwenye kioo chake, na bibi akatokea mara moja: NYIRABARERA, bloku yake, na chini, mjukuu aliyepotea, VESTINA. Karani wa terminali ya pili akaandika jina lilelile: hakuna kitu. Mashine moja, swali moja, majibu mawili.

"Umemwandika kwa l," nikamwambia Editha.

"Nimemwandika kwa r!"

"Editha, wewe unasema terminari."

"Kaka Sospeta," akasema, na macho yake yalikuwa yameanza kuloa, "kusema ninakosea. Kuandika sikosei."

Mama Leokadia, aliyekwisha rudi kutoka Biharamulo, alikuwa amesimama nyuma yetu, sijui tangu lini. Hakuuliza kitu. Alikitazama kioo cha tano, akavaa miwani ya pili juu ya ya kwanza, kisha akaenda kwa karani wa terminali ya pili.

"Liandike jina hilo lote kwa herufi ndogo. Na N iwe ndogo."

Karani akaandika: nyirabarera. Bibi akatokea, kwa herufi ndogo tupu, kama mtu aliyekuwa amekaa nyuma ya mlango muda wote.

"Nani alimfundisha huyu binti kuingia?"

"Mimi, mama."

"Ulimwandikiaje jina lake?"

Ubao ulikuwa bado pale pembeni, na chaki yangu ilikuwa haijafutika.

Nyinyi wa leo hamtakutana na jambo hili, lakini lijueni. Zamani sana kulikuwa na terminali zisizokuwa na herufi ndogo kabisa. Mfumo wetu endeshi, kwa huruma ya kizee, ulikuwa bado unazikumbuka. Mtu akijitaja mlangoni kwa herufi kubwa tupu, ulihitimisha kwamba maskini huyu terminali yake haijui ndogo. Basi ukamwonyesha kila kitu kwa kubwa, na kila alichoandika ukakihifadhi ndani kwa ndogo. Ilipotokea herufi kubwa ya kweli, iliyoandikwa na mtu mwingine, ulimwekea kijiti mbele ili aitambue. Kwa hiyo Editha aliona NYIRABARERA, mashine ikaweka nyirabarera. Gaudensia alimtafuta Nyirabarera, mwenye N kubwa, na mashine, ambayo haina desturi ya kukisia, ikasema hayupo. Na bibi alipouliza habari za Vestina, mashine ilikuwa inatafuta vestina, wakati karani wa meza nyingine alikuwa amemwandika mtoto Vestina, mwenye V kubwa. Walikuwa kambi moja. Kwa karibu wiki tatu nimekuwa nikisema kijiti hakili.

Nilingoja Mama Leokadia anigombeze. Angenigombeza ningepata nafuu. Akavuta kiti cha Editha, akaketi.

"Mashine nitaitengeneza mimi," akasema. "Editha na Gaudensia, mfuateni bibi kwenye bloku yake. Wewe una miguu mizuri. Nenda kazuie lori."

Nikakimbia. Lori lilikuwa limekwisha geuzwa, watoto wamo nyuma, injini inanguruma. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye tumbo, ameegemea mlango anakula ndizi ya kuchoma.

"Shikamoo mzee. Naomba usiondoke kwanza. Kuna mtoto mmoja bibi yake amepatikana."

"Marahaba. Karatasi iko wapi?"

"Karatasi inakuja."

"Ikija itanikuta Biharamulo. Msafara wa polisi wanaotulinda njiani haungoji karatasi."

Nilitazama ndani ya kabini, nikaona redio imening'inia, nyaya nje.

"Mzee, redio yako imekufa?"

Uso wake ukabadilika. "Ina wiki. Njia yote nasikiliza gia."

"Mimi ni fundi redio."

Akaniangalia, akaliangalia koleo langu, akazima injini. Waya wa spika ulikuwa umechomoka. Niliugundua kwa dakika moja na kuutengeneza kwa dakika arobaini. Niliufungua, nikauunga, nikaufungua tena, nikatikisa kichwa, nikaguna, nikamwomba dereva ashike tochi mahali pasipohitaji tochi. Kwenye uwazi wa nyuma ya kabini kulikuwa na kichwa kidogo kilichonyolewa, kinanichungulia.

"Wewe unaitwa nani?" nikamuuliza kwa lugha yake.

"Vestina."

Nikaufungua tena waya niliokuwa nimekwisha uunga.

Bibi hakuja akikimbia. Alikuja akitembea, Editha amemshika kiwiko, Gaudensia mbele. Gaudensia akafungua mlango wa nyuma wa lori, akamwita mtoto. Vestina akamtazama bibi yake, akarudi nyuma, akajificha katikati ya wenzake. Nikawaza, nimekosea tena, huyu ni Vestina mwingine.

Bibi hakumwita kwa jina, bali kwa lakabu ya nyumbani, yaani kindege. Akasogea karibu na lori, akasema, kama mtu aliye jikoni kwake, "Kanyoni, mbona umekonda? Nani alikuwa anakulisha?"

Kisha sauti ndogo ikatoka kati ya watoto, imejaa hasira.

"Wewe uliniambia nisiuachie mkono wako. Ukaniachia wewe."

Bibi akainua mikono yote miwili juu ya ubao wa lori.

"Ni kweli," akasema. "Ni mimi niliyekuachia."

Mtoto akatoka taratibu, anakanyaga miguu ya wenzake, akajiangusha kwenye mikono ile. Dereva akawasha redio, ikaimba, akaniambia kwa ukali kwamba fundi gani huyu anayechelewesha watu nusu siku kwa waya mmoja.

Kesho yake Mama Leokadia alinisimamisha mbele ya makarani wote nieleze kilichotokea na kosa ni la nani. Nikaeleza. Editha alikuwa mstari wa mbele, hakunicheka, na hilo lilikuwa gumu kuliko kuchekwa. Tukapitia kila jina lililopita terminali ya tano. Wengine walipatikana siku hiyohiyo, mtaa wa pili kutoka kwa ndugu zao. Wengine walikuwa wamekwisha ondoka na malori ya kabla yake, na tuliwafuata kwa barua miezi mingi. Kuna majina machache ambayo hatukuyapatia jibu. Ninayakumbuka na sitayaandika hapa.

Nilikwenda pia kwa bibi mwenyewe. Nilimkuta mbele ya hema anachambua maharage, Vestina amemlalia mapajani. Nikamweleza habari ya herufi kubwa na ndogo, nikamwomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sijui kubwa wala ndogo," akasema. "Ni wewe uliyemshika dereva?"

"Ni mimi, bibi."

"Basi kaa ule."

Maharage yalikuwa hayajaiva vizuri. Niliyamaliza yote.

Tangu siku ile, karani akiniambia kioo chake kina jambo, nilikuwa nakaa kwenye kiti chake, naandika kwa vidole vyangu kile anachoandika yeye, mpaka nilione. Baadhi yenu mlikuwa mnanicheka kwa hilo. Mlikuwa mnasema mzee anatafuta kiti cha kupumzikia. Lilikuwa na ukweli pia, hasa miaka ya mwisho.

Mwishoni mwa mwaka tisini na sita amri ilitoka kwamba wakimbizi wa Rwanda warudi kwao. Kambi ikaanza kumwagika barabarani. Sisi tulikuwa tunafungua terminali na kukunja nyaya. Ilikuwa imebaki moja tu, iliyounganishwa na printa, bibi alipoingia bandani amejitwisha mzigo, Vestina amemshika. Mtoto alikuwa amerefuka.

"Niandikie karatasi," akaniambia, "kwamba huyu ni wangu. Huko njiani watu ni wengi."

"Bibi, karatasi zinatolewa na wakubwa. Mimi sina ruhusa."

"Wakubwa siwajui. Wewe nakujua."

Nikamtazama Mama Leokadia, aliyekuwa anahesabu kibodi kwenye sanduku. Akaendelea kuhesabu. Basi nikaketi, nikaandika kwamba Nyirabarera ni bibi wa Vestina, kwamba wameishi Benaco pamoja, na kwamba atakayewakuta asiwatenganishe. Nilikagua kila herufi, kubwa na ndogo. Printa ikapiga kelele zake, karatasi ikatoka, nikaweka saini.

Mama Leokadia akanyoosha mkono. Akaisoma yote kwa miwani miwili. Nilijua ataichana, na alikuwa na haki.

"Umesahau cheo," akasema. "Karatasi isiyokuwa na cheo hawaiheshimu."

"Sina cheo, mama."

"Andika hicho ulicho nacho."

Nikachukua kalamu, nikaandika chini ya jina langu: Fundi. Bibi akaikunja mara nne, akaitia kifuani, akanishukuru, akamshika mtoto mkono. Nikasimama mlangoni mwa banda nikiwatazama mpaka wakachanganyika na watu, na sikuweza tena kuwatambua.